Kufuma picha ya ukutani ya ng'amba walioshikana: mwongozo kamili, kuanzia kigezo hadi kutundika

Katika picha ya wanyama walioshikana hakuna nafasi tupu. Ukingo wa pezi la huyu ndio ukingo wa mkia wa yule, na kichwa cha wa chini kinajaza pengo kati ya wawili wa juu. Mfumaji anapata faida kubwa hapo, kwa sababu mstari mmoja unachora wanyama wawili. Hatari nayo iko hapohapo: ukikosea kisanduku kimoja kwenye kigezo (mchoro wa visanduku unaoufuata unapofuma), kosa litajirudia kwa kila mnyama, na utaligundua ukiwa umeshafuma nusu ya kazi. Ndiyo maana sehemu ndefu kuliko zote hapa ni ya kigezo. Kufuma kwenyewe ni subira na mkono tu.

Mfano wetu ni ng'amba, kasa mwenye mdomo uliochongoka kama wa ndege. Yumo katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, na kilichomponza ni uzuri wa mgongo wake. Waraka wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya kwanza tayari unataja magamba ya kasa miongoni mwa bidhaa za pwani yetu, na tangu hapo yamesafirishwa kwenda kutengenezwa vitana, visanduku na miwani. Biashara ya kimataifa ya ng'amba na magamba yake imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka. Basi usitumie kipande cha gamba halisi popote katika kazi hii, hata kile cha zamani ulichorithi. Rangi yake tutaipata kwa sufu.

Kwa upande wa ufundi, ng'amba akitazamwa kutoka juu ana kichwa, mkia na mapezi manne yanayotoka kwenye mwili mpana. Ncha hizo sita zinaelekeana vizuri na majirani sita ambao kila mnyama atakuwa nao.

Vipimo na vifaa

Picha iliyokamilika itakuwa na upana wa sentimita 48 na urefu wa sentimita 56. Mtande, yaani nyuzi za wima zinazofungwa kwenye fremu, ni nyuzi 96, sawa na nyuzi 2 kwa kila sentimita. Huo ni mtande wa wazi kiasi, lakini unatosha kumchora mnyama mwenye upana wa sentimita 12, na mwanafunzi anaumudu.

Kwa fremu, tafuta mbao kavu za sentimita 5 kwa 5: mbili za sentimita 95 (wima) na mbili za sentimita 70 (mlalo). Za mlalo zilale juu ya zile za wima na zifungwe kwa skurubu mbili kila kona, ili mkono upate nafasi ya kupita nyuma ya mtande. Mbao mbichi itajipinda ikivutwa na nyuzi 96 na upande mmoja wa picha utalegea. Pima mshazari kutoka kona hadi kona. Vipimo viwili visipolingana, fremu imeenda upande.

Misumari ni ya inchi moja, 48 kwenye mbao ya juu na 49 ya chini, kila mmoja ukiwa sentimita 1 kutoka kwa mwenzake. Ya juu ikae katikati ya nafasi za ile ya chini. Usiipige yote kwenye mstari mmoja, maana mbao itapasuka. Mmoja uwe mbele kidogo, unaofuata nyuma kidogo, na yote iinamie nje. Kati ya misumari ya juu na ya chini pawe na sentimita 90.

Uzi wa mtande uwe wa pamba, uliosokotwa kwa nguvu, unene wa milimita 2, kiasi cha mita 150. Mtande wenyewe unakula kama mita 86. Zilizobaki ni za kingo, msuko na pindo. Usitumie nailoni, kwani inanyumbulika na haishiki fundo.

Sufu ni kama gramu 650: gramu 280 za rangi ya mgongo, gramu 100 kwa kila moja ya rangi tatu za mapezi na kichwa, na gramu 70 za rangi ya bahari. Makadirio hayo yanategemea mkono wako, kwa hiyo usinunue kabla ya kufuma sampuli ya sentimita 10 kwa 10. Pima uzito wa sufu iliyotumika, zidisha kwa 27, kisha ongeza sehemu moja ya tano kwa upotevu. Sufu nyingi madukani ni akriliki. Choma ncha ya uzi: sufu ya kondoo hunuka kama nywele zilizoungua na huacha majivu yanayosagika, akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Akriliki inafumika, ila inarudi nyuma kila ukiigandamiza, na mistari haikai karibu.

Ongeza rula ndefu ya mbao, ufito mmoja wa sentimita 60, sindano ya sufu isiyochoma, uma wa mezani wenye meno imara, karatasi ya manila na daftari la hesabu lenye visanduku vya milimita 5. Visanduku hivyo ni muhimu, maana kisanduku kimoja kitakuwa uzi mmoja wa mtande kwa upana, na mizunguko miwili ya mshindio (uzi unaopitishwa kwa mlalo kati ya nyuzi za mtande) kwa kimo. Mzunguko ni kwenda na kurudi. Kwa hiyo unachochora kinatoka kwa ukubwa uleule.

Kigezo

Watu wengi huanza na michoro ya Escher, yule msanii wa Uholanzi aliyechora mijusi na ndege walioshikana. Ni mwalimu mzuri wa macho, lakini baadhi ya michoro yake haifumiki hivi hivi. Mjusi aliyezungushwa theluthi ya duara hawezi kuangukia tena kwenye visanduku vyako: ngazi za ukingo wake zitabadilika na hatashikana na mwenzake. Kwenye mtande, njia salama ni kumsogeza mnyama bila kumzungusha, kumgeuza juu chini, au kumpindua kama kwenye kioo na kumsogeza. Robo ya duara inawezekana pale tu kisanduku kilipo mraba kamili, na hata hapo mkono ukilegea kidogo umbo linavurugika.

Ng'amba wetu anasogezwa tu. Kwenda kulia anasogea nyuzi 24. Kwenda juu anasogea safu 20 za visanduku na nyuzi 12 pembeni, kama matofali yanavyopishana ukutani. Kutokana na namba hizo mbili, kila mnyama lazima awe na visanduku 24 × 20, yaani 480. Hazidi hata kimoja.

Anza na umbo tupu lenye pembe sita. Hesabu safu kutoka chini. Safu ya 1 ina visanduku 2 katikati, ya 2 ina 4, ya 3 ina 6, hadi ya 12 yenye 24. Safu ya 13 hadi ya 20 zina 24 kila moja. Kisha punguza: ya 21 ina 22, ya 22 ina 20, hadi ya 31 yenye 2. Hilo linashikana, ila halina uhai.

Sasa litie mwili kwa kanuni hii: kila kisanduku unachokiongeza kwenye ukingo wa juu kulia, kiondoe kingine kilicho safu 20 chini na nyuzi 12 kushoto. Unachokiongeza juu kushoto, kiondoe safu 20 chini na nyuzi 12 kulia. Pezi la mbele linapotokeza, mkia unakondeka kwa kiasi kilekile. Baada ya marekebisho hayo, ng'amba wetu anakuwa hivi (namba ya safu, kisha idadi ya visanduku, vyote vikiwa vimegawanyika sawa kulia na kushoto kwa mstari wa kati):

Mkia: 1–2, 2–4, 3–4, 4–4, 5–4, 6–6.
Mapezi ya nyuma: 7–10, 8–16, 9–18, 10–18, 11–20, 12–22.
Mwili: safu ya 13 hadi ya 20, visanduku 24 kila moja.
Mabega na mapezi ya mbele: 21–22, 22–20, 23–20, 24–20, 25–20, 26–18, 27–14.
Shingo, kichwa na mdomo: 28–8, 29–6, 30–6, 31–4, 32–2.

Fanya majaribio matatu kabla ya kugusa uzi. La kwanza: safu yoyote kuanzia ya 1 hadi ya 12, ukiijumlisha na ile iliyo safu 20 juu yake, lazima itoe 24. Safu ya 7 ina 10, ya 27 ina 14, sawa. Ya 9 ina 18, ya 29 ina 6, sawa. La pili: jumla ya visanduku vyote vya mnyama mmoja ni 480. La tatu, kwa sababu hesabu inaweza kukubali na umbo likakataa, kata nakala saba za karatasi ngumu, weka moja katikati na sita kuizunguka. Ukiona mwanga kati yao, au karatasi mbili zimepandana, rudi kwenye safu husika.

Kuna jambo la nne ambalo michoro ya kawaida haijali lakini mfumaji analijali sana. Kuanzia safu ya 1 hadi ya 12 mnyama ananenepa tu au anabaki vilevile, hapungui. Kuanzia ya 21 hadi ya 32 anapungua tu au anabaki, hanenepi. Ukiheshimu hilo unaweza kukimaliza kichwa cha wa chini kwanza, kisha ukajaza mkia wa wa juu pembeni yake. Ukichora pezi linaloning'inia juu ya pengo, utalazimika kwenda safu kwa safu picha nzima, vidonge vya sufu (vibunda vidogo vya uzi wa kufumia) vikiwa vimening'inia kila mahali.

Ubavu wa safu 13 hadi 20 ni tatizo. Ukingo wima wa sentimita 4 kati ya rangi mbili unaacha ufa wa sentimita 4, na picha itafunguka hapo kama tundu la kifungo. Uvunje: zisogeze safu za 15, 16, 19 na 20 kisanduku kimoja kulia, ukingo wa kushoto na wa kulia kwa pamoja. Idadi inabaki 24, wanyama bado wanashikana, na hakuna ufa unaozidi sentimita 1 ubavuni.

Ndani ya mwili chora mgongo, nao ndio utakaotenganisha mapezi na mwili machoni pa mtazamaji. Unaanza safu ya 7 kwa visanduku 4, kisha 6, 8, 10, 12. Safu ya 12 hadi ya 21 ni 14. Halafu 12, 12, 10, 8 na 6 kwenye safu ya 26. Hizo ni safu 20, nazo zinagawanyika vizuri, kwa sababu ng'amba ana magamba matano katikati ya mgongo. Kila baada ya safu 4 pitisha mzunguko mmoja wa uzi wa kahawia iliyoiva. Magamba manne ya kila upande yanaweza kuonyeshwa kwa kuanza mstari huo safu moja juu zaidi pembeni. Ya ng'amba yanapandana kama vigae vya paa, na ngazi hiyo ndogo inatosha kulionyesha hilo.

Ukitaka mnyama mwingine, chagua mwenye kiwiliwili kizito. Kifaru mweusi anakubali, kakakuona anakubali sana, kasuku wa kijivu pia. Hirola, ingawa anahitaji kutangazwa kuliko karibu swala wote, ana miguu myembamba. Mguu usiofika nyuzi 4 kwa upana utaonekana kama uzi uliopotea njia. Kwake fuma kichwa na pembe peke yake. Kima punju wa Zanzibar naye mkia wake ni mrefu. Uzungushe umfuate mgongo wa jirani.

Rangi

Kila ng'amba anagusa wenzake sita, kwa hiyo rangi mbili hazitoshi, zitakutana. Tatu zinatosha kabisa. Tuziite A, B na C. Mstari wa kwanza wa ng'amba, kutoka kushoto: A, B, C, A. Mstari wa pili una nusu mnyama kila mwisho: nusu B, C, A, B, nusu C. Wa tatu ni kama wa kwanza, wa nne kama wa pili, wa tano kama wa kwanza. Jumla ni ng'amba wazima 18 na nusu nne. Mapengo ya chini kabisa na ya juu kabisa yajaze kwa rangi ya bahari.

Mgongo uwe wa rangi moja kwa wote, ya asali iliyokolea. Rangi tatu za mapezi zitofautiane kwa mwanga na giza, si kwa jina la rangi tu. Kijani na buluu zenye giza sawa zitaungana ukutani na wanyama wako watapotea. Zipange nyuzi juu ya meza, zipige picha kwa simu na uigeuze iwe nyeusi na nyeupe: ukiona vivuli vitatu tofauti, nenda mbele. Ukitia rangi mwenyewe, maganda ya vitunguu pamoja na shabu yanatoa manjano hadi rangi ya machungwa; tia sufu yote ya rangi moja kwa sufuria moja na mara moja, kwa sababu sufuria ya pili hailingani na ya kwanza.

Kutanda

Funga uzi kwenye msumari wa kwanza chini kushoto, panda hadi wa kwanza juu, shuka hadi wa pili chini, endelea hivyo mpaka mwisho. Usivute kwa nguvu zako zote mwanzoni na kulegea mwishoni, na hilo ndilo kosa la karibu kila anayeanza. Ukimaliza, rudi msumari kwa msumari ukikaza, kisha pitisha kiganja juu ya nyuzi zote: ziwe na mguso mmoja. Uzi wa kwanza na wa mwisho uongezee mwenzake, viwe viwiliviwili, maana kingo ndizo zinazobeba mvuto.

Karibu na misumari utaona nyuzi zinakaa jozi jozi. Sawazisha kwa msuko: kunja uzi wa pamba mara mbili, ufunge kwenye mbao ya wima, halafu zipishanishe ncha mbili kati ya kila uzi wa mtande hadi upande wa pili. Panga nyuzi kwa rula, kila moja milimita 5 kutoka kwa jirani yake. Anayejua kusuka ukili wa mkeka ataizoea hesabu hii upesi.

Ingiza rula ya mbao chini ya uzi mmoja, juu ya mwingine, upana wote. Ukiisimamisha unapata mwanya wa kwanza wa kupitishia mshindio. Nyuzi 48 zilizobaki zifungie vitanzi kwenye ufito. Ukiuvuta unapata mwanya wa pili. Vitanzi vyote viwe na urefu mmoja. Kuvipima, vifunge kuzunguka kipande kimoja cha mbao. Kisha fuma sentimita 2 kwa uzi wa pamba, pindo la kukunjwa nyuma.

Hamishia kigezo kwenye manila ya sentimita 48 kwa 56, wanyama wote, na uishone kwa mishono michache nyuma ya mtande. Andika namba za safu pembeni kila baada ya tano.

Kufuma

Unganisha nyuzi tatu za sufu ya unene wa kati ziwe mshindio mmoja. Jaribu: mshindio ukilazwa kati ya nyuzi mbili za mtande ujaze nafasi bila kuzisukuma. Ukiwa mnene mno mtande utatanuka. Ukiwa mwembamba, mizunguko miwili haitafika milimita 5. Tengeneza vidonge vidogo vya mita 1.5 hadi 2 kila kimoja.

Mshindio haupitishwi ukiwa umenyooka. Ulaze kama upinde, ncha ikiwa chini na kati ikiwa juu, kisha uugandamize kwa uma kuanzia katikati. Urefu wa ziada uliomo kwenye upinde ndio unaozunguka nyuzi za mtande. Bila huo, mshindio unavuta kingo ndani. Pinde kubwa mno nazo zinaacha vitanzi vinavyovimba usoni mwa picha.

Sasa kanuni inayoshika kazi yote: vidonge viwili vinavyopakana vinakwenda pande zinazopingana. Katika mwanya mmoja vinakutana, katika unaofuata vinaachana. Mpaka wa rangi usogee pale vinapokutana, na hapo hakuna uzi unaorukwa. Vikienda upande mmoja, kila mpaka ukisogea kuna uzi wa mtande unaobaki wazi, na weupe wa pamba unachungulia. Mipaka mingine itasogea mpito mmoja baada ya mingine. Usihangaike, jicho halioni.

Ugumu unakuja pale mnyama mpya anapoanzia kati ya wawili. Wa kushoto anakwenda kulia, wa kulia anakwenda kushoto, na kidonge kimoja kati yao hakiwezi kuwapinga wote wawili. Dawa ni kuanza kwa uzi uliokunjwa. Kata sufu mara mbili ya urefu wa kawaida, tafuta katikati yake, izungushe kwenye uzi wa mtande ulio katikati ya mkia, na ufanye kila ncha kuwa kidonge chake: kimoja kinakwenda kushoto, kingine kulia. Mpangilio unabaki sahihi. Na kuna faida ya pili: mgongo utakapoanza safu ya 7, nao anza kwa uzi uliokunjwa katikati ya hivyo viwili. Vidonge vya mwanzo vitageuka kuwa pezi la kushoto na pezi la kulia bila kukatwa, na mgongo ukiisha safu ya 26 vitakutana tena kutengeneza shingo. Vidonge viwili vya rangi moja vinapokutana, badilisha mahali pa kukutania kila mzunguko, la sivyo utapata ufa katikati ya mgongo.

Mwendo mzuri kwa kila mstari wa ng'amba ni huu. Safu ya 1 hadi ya 12, jaza mikia kati ya vichwa vilivyotangulia (au bahari, kwenye mstari wa kwanza, ambapo bahari na mikia vinapanda pamoja safu kwa safu). Safu ya 13 hadi ya 20, nenda upana wote safu kwa safu, kwa sababu ya yale meno ya ubavuni. Safu ya 21 hadi ya 32, maliza mabega na kichwa cha mnyama mmoja mmoja. Usimwache mmoja awatangulie wengine kwa zaidi ya hizo safu 12.

Kwenye safu za 22 hadi 25 ukingo kati ya pezi na mkia wa jirani ni wima kwa sentimita 2. Ushone kwa nyuma kwa uzi mwembamba imara wa rangi iliyofifia, mara tu ukimaliza pande zote mbili. Ukisubiri hadi mwisho wa picha utakuwa unashona nyufa zilizokwishatanuka. Nyufa za sentimita 1 au chini ziache. Zinatoa kivuli chembamba kinachomchora mnyama vizuri kuliko uzi wowote.

Ncha za sufu ziishie nyuma, zikiwa na sentimita 4. Usifunge mafundo, mshindio uliogandamizwa haufumuki.

Macho ya ng'amba yashonwe kwa sindano mwishoni, kwenye safu ya 30, uzi wa pili kutoka kila upande wa kichwa.

Kinachoharibika, na sababu yake

Upana umepungua. Pima kila sentimita 5. Ukipoteza nusu sentimita, ongeza kimo cha pinde, hasa kwenye vidonge vya pembeni. Ukipoteza sentimita nzima, fumua hadi pale ulipokuwa na 48. Hakuna mvuke wala pasi itakayourudisha.

Wanyama wa juu wamekuwa bapa au warefu kuliko wa chini. Mkono umebadilika. Safu 10 lazima zitoe sentimita 5, na kila mstari mpya wa ng'amba uanzie sentimita 10 juu ya ule uliopita. Ukikuta 4.5, ongeza mzunguko mmoja kwenye safu mbili zilizo mwilini, kati ya 13 na 20, ambako umbo halibadiliki. Kamwe usirekebishe kwenye kichwa au mkia.

Mtande unaonekana kama nukta nyeupe. Ama mshindio ni mnene na haushuki, ama umekosea mwanya. Nukta zikiwa zimetapakaa, punguza uzi mmoja wa sufu. Zikiwa kwenye mstari mmoja, kuna mpito uliorukwa.

Mtande umelegea katikati ya kazi. Ingiza kijiti chembamba kati ya misumari ya juu na nyuzi. Usikaze uzi mmoja mmoja, kwani utahamishia ulegevu kwa jirani.

Kumalizia

Fuma sentimita 2 za pamba juu kama ulivyofanya chini, pitisha msuko, halafu kata mtande nyuzi nnenne, kuanzia katikati kwenda pembeni, huku ukifunga kila nne kwa fundo linalobana msuko. Ukikata zote kwa pamoja picha itajikunja ghafla na safu za mwisho zitalegea.

Ilaze kifudifudi juu ya taulo, funika kwa kitambaa kibichi na uipitishie pasi ya joto la sufu bila kugandamiza. Inua na kushusha pasi tu. Picha iache ikauke hapohapo. Kunja pindo zote mbili nyuma na uzishone kwa mishono isiyopenya usoni.

Kwa kutundika, shona nyuma ya ukingo wa juu mfuko wa kitambaa wenye kina cha sentimita 5, upitishe ubao mwembamba wenye urefu wa sentimita 47, na uache sentimita moja ya hewa kati ya picha na ukuta. Kwenye nyumba za pwani zenye kuta za chokaa nafasi hiyo ni lazima, la sivyo unyevu utaleta ukungu nyuma. Iwe mbali na jua la moja kwa moja. Kila baada ya miezi michache ishushe, ikung'ute na uikague upande wa nyuma: nondo wa sufu huanzia kwenye ncha zile za sentimita 4, mahali penye giza, na akionekana mapema anaondoka kwa brashi.